Beda wa Jarrow: Mtawa aliyeishi kwa kalenda ya Injili

Kila anayeandika tarehe juu ya barua, awe Mkristo, Mwislamu au mtu asiye na dini, aghalabu huandika mwaka unaohesabiwa tangu kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Hesabu hiyo ilibuniwa mjini Roma mwaka 525 na mtawa aliyeitwa Dionysius Exiguus. Lakini aliyeiingiza katika uandishi wa historia, hata ikazoeleka Ulaya na baadaye duniani kote, ni mtawa mwingine, aliyeishi kaskazini mwa Uingereza na ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuvuka bahari.

Mtawa huyo ni Beda, ambaye Wakristo humwita Mtakatifu Beda Mheshimiwa. Alifariki dunia mwaka 735, akiwa na umri wa miaka 62 hivi. Aliandika juu ya Biblia, historia, sarufi, nyota, mwezi na kupwa na kujaa kwa bahari. Hata hivyo maarifa hayo yote aliyakusanya kwa kusudi moja: kwamba siku za sikukuu zijulikane, na Injili inayosomwa katika siku hizo ieleweke.

Mtoto wa miaka saba

Beda alizaliwa mnamo mwaka 672 au 673 katika ufalme wa Northumbria. Alipofika umri wa miaka saba, jamaa zake walimkabidhi kwa Abate Benedict Biscop, mkuu wa monasteri ya Wearmouth, mahali ambapo leo pana mji wa Sunderland. Monasteri hiyo ilikuwa bado changa, kwani ilianzishwa mwaka 674.

Benedict Biscop alikuwa mtu wa ukoo bora aliyeacha utumishi wa mfalme. Alisafiri kwenda Roma mara kadhaa, safari ya miezi mingi kwa miguu, kwa farasi na kwa mashua, na kila aliporudi alikuja na shehena ya vitabu. Kutoka Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, alileta waashi wa mawe na mafundi wa vioo, ufundi ambao Waingereza wa wakati huo hawakuwa nao. Kanuni ya maisha aliyowapa watawa wake aliichota katika desturi za monasteri 17 alizopata kuzitembelea, ikiwamo Kanuni ya Mtakatifu Benedikto.

Katika safari mojawapo alirudi na Yohane, kiongozi wa waimbaji wa kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma. Mgeni huyo aliwafundisha watawa namna ya kuimba zaburi na kusoma Maandiko katika sikukuu zote za mwaka mzima, na mpangilio huo akauacha kwa maandishi. Kwa watu waliokuwa wamepokea Ukristo kwa muda usiozidi miaka 50 hivi, jambo hilo lilikuwa kubwa. Mwaka sasa ulikuwa na sura. Palikuwa na Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka na Pentekoste, na kila siku ilikuwa na somo lake.

Ukutani pia palitundikwa picha zilizoletwa kutoka Roma. Katika kanisa la Mtakatifu Petro la Wearmouth, upande wa kusini ulikuwa na matukio ya Injili, na upande wa kaskazini ulikuwa na maono ya kitabu cha Ufunuo. Asiyejua kusoma aliingia kanisani, akainua macho, akaiona Injili.

Tauni ya mwaka 686

Mnamo mwaka 681 au 682 ilianzishwa nyumba ya pili huko Jarrow, umbali wa kilomita 12 hivi kutoka ya kwanza. Abate wake alikuwa Ceolfrith, na inaaminika kuwa Beda alihamia huko pamoja naye akiwa mtoto. Kanisa la Jarrow lilitabarukiwa tarehe 23 Aprili mwaka 685. Jiwe lenye maandishi ya siku hiyo lingali ukutani hadi leo.

Mwaka uliofuata tauni ilibisha hodi.

Mwandishi mmoja wa monasteri hiyo, ambaye hakutaja jina lake, ameacha kumbukumbu ya mkasa huo katika maisha ya Abate Ceolfrith. Anasimulia kwamba huko Jarrow walifariki watawa wote waliokuwa na uwezo wa kusoma, kuhubiri na kuimba sala za vipindi. Walibaki wawili tu: abate mwenyewe, na mtoto mmoja aliyelelewa na kufundishwa naye.

Kwa huzuni abate akaamuru kwamba, isipokuwa asubuhi na jioni, zaburi zisomwe bila antifona, yaani bila vile viitikio vinavyoimbwa na kundi kabla na baada ya zaburi. Wakafanya hivyo kwa juma moja, kwa machozi mengi. Mwishowe abate hakuweza kustahimili tena. Aliagiza sala zirudishwe katika utimilifu wake, na mzee na mtoto wakawa wanaimba wawili, zamu kwa zamu, kazi iliyokuwa ya kundi zima, hadi walipopatikana na kufundishwa wengine.

Mwandishi anaongeza kwamba mtoto huyo baadaye alikuwa padre katika monasteri hiyo hiyo. Hamtaji. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa alikuwa Beda, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 13 au 14. Iwapo ndiye, basi alijifunza mapema kwamba sikukuu haijitunzi yenyewe. Inaweza kukoma ndani ya juma moja ikiwa hapana mtu wa kuiimba.

Mwaka mzima ndani ya Injili

Beda alipewa ushemasi akiwa na miaka 19, ilhali umri uliotakiwa na sheria za Kanisa ulikuwa 25. Alipewa upadre akiwa na miaka 30. Tangu hapo, kama alivyoeleza mwenyewe mwishoni mwa kitabu chake cha historia, alitumia muda wake kuyafafanua Maandiko kwa ajili yake na kwa ajili ya ndugu zake.

Alikuwa na bahati ambayo wasomi wachache wa zama zake waliipata. Wataalamu wa leo wanakadiria kwamba maktaba ya Wearmouth na Jarrow ilikuwa na vitabu zaidi ya 200, idadi kubwa mno kwa karne hiyo. Humo alimsoma Ambrosi wa Milano, Yeronimo, Papa Gregori Mkuu na, zaidi ya wote, Augustino wa Hippo, mtoto wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Hivyo fikra za Mwafrika zilisomwa kando ya mto Tyne, na kutoka hapo zikafundishwa upya.

Katika ufafanuzi wake wa Injili ya Luka na ya Marko, Beda alifanya jambo ambalo wahariri wa leo wangelipongeza. Pembeni mwa ukurasa aliweka herufi za kuonyesha kila fikra ameitoa kwa nani, ili asidhaniwe kuwa anaiba maneno ya wakubwa waliomtangulia. Akawaomba wanakili wasiziache herufi hizo. Wengi wao waliziacha.

Kazi inayoonyesha zaidi maisha yake ya kila siku ni homilia zake 50 juu ya Injili, zilizopangwa katika vitabu viwili, kila kimoja kikiwa na 25. Zinaufuata mwaka wa Kanisa kuanzia Majilio, kupitia Noeli, Kwaresima na Pasaka, hadi Pentekoste, pamoja na sikukuu za watakatifu na kumbukumbu ya kutabarukiwa kwa kanisa. Wasikilizaji wake walikuwa watawa waliosikia somo lile lile kila mwaka, mwaka baada ya mwaka. Mhubiri asingeweza kuwashangaza kwa habari mpya. Alilazimika kuwaonyesha kwamba habari ile ya kale haijaisha.

Njia yake ni ya polepole. Hulichukua neno moja la Injili, akaliuliza maswali, akalilinganisha na zaburi au nabii, kisha akalileta kwenye maisha ya msikilizaji. Katika arusi ya Kana, kwa mfano, haipiti mitungi sita ya mawe kana kwamba ni vyombo tu. Anaiona kuwa ni nyakati sita za historia ya wanadamu, tangu Adamu hadi Kristo, kila moja ikiwa na maji yake yanayongoja kugeuzwa divai.

Katika kumbukumbu ya mwanzilishi wao Benedict Biscop, tarehe 12 Januari, Injili ilikuwa ile ambamo Petro anamwambia Yesu kwamba wao wameacha vyote wakamfuata. Beda anawaeleza ndugu zake kwamba Biscop aliacha nchi, mali na ndoa, naye kwa kuwa hakuzaa watoto wa mwili alijaliwa watoto wengi wa roho, ambao ni wao wenyewe walioketi pale wakisikiliza. Anawakumbusha pia kwamba mzee huyo alihangaika baharini na nchi kavu ili wao wapate kila kitu cha kujifunzia bila kulazimika kutoka. Ni shukrani ya mtu aliyekaa nyumbani kwa mtu aliyesafiri kwa niaba yake.

Mzozo wa Pasaka

Kukaa nyumbani hakukumwepusha na mizozo. Miaka michache kabla ya kuzaliwa kwake, Northumbria ilikuwa imegawanyika juu ya swali moja: Pasaka ni lini?

Mfalme Oswiu alifuata hesabu ya watawa wa Kiayalandi wa kisiwa cha Iona. Mkewe, Malkia Eanflæd, alilelewa Kent katika desturi ya Roma. Beda anasimulia kwamba ilitokea mwaka ambao mfalme amemaliza mfungo na anakula Pasaka, huku malkia na watu wake wangali katika mfungo, wakiadhimisha Jumapili ya Matawi. Nyumba moja, sikukuu mbili. Waislamu wa Afrika ya Mashariki, ambao wameshuhudia majirani wakisali Idi katika siku tofauti kwa sababu ya mjadala wa mwezi kuandama, watauelewa uchungu huo bila maelezo marefu.

Chanzo kilikuwa mwezi pia. Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira ya kuchipua. Watu wa Iona walikubali Jumapili iwe tangu siku ya 14 ya mwezi hadi ya 20, ilhali Roma ilihesabu tangu ya 15 hadi ya 21. Aidha, Iona ilitumia mzunguko wa miaka 84, na hesabu iliyokuja kushinda kwa upande wa Roma ilitumia mzunguko wa miaka 19. Katika sinodi ya Whitby mwaka 664, Mfalme Oswiu aliamua kufuata Roma. Baadhi ya watawa wa Kiayalandi hawakukubali, wakarudi kwao.

Beda aliunga mkono hesabu ya Roma kwa nguvu zote. Hata hivyo, alipoandika juu ya watawa wa Iona, aliusifu unyenyekevu wao na ukarimu wao kwa maskini. Alijua kwamba mtu anaweza kukosea tarehe na bado akawa mwema.

Mwaka 703 aliandika kitabu kifupi juu ya nyakati. Mwaka 725 akaandika kikubwa zaidi, kilichofundisha hesabu ya Pasaka hatua kwa hatua. Majedwali yaliyoambatana na hesabu hiyo yaliufikia mwaka 1063, kwa kuwa mizunguko ya jua na mwezi hurejea pamoja kila baada ya miaka 532. Humo ndimo alimoeleza pia mwendo wa bahari. Alionyesha kwamba maji kujaa huchelewa kila siku kwa dakika 48 hivi, sawasawa na mwezi unavyochelewa, na kwamba kila pwani ina saa yake. Mvuvi wa Lamu au wa Mafia anayejua bamvua na maji mafu angeketi na Beda wakaelewana.

Kitabu cha kwanza kilimletea mashaka. Akifuata Biblia ya Kilatini iliyotafsiriwa na Yeronimo kutoka Kiebrania, Beda alihesabu kuwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu hadi kuzaliwa kwa Kristo ilipita miaka 3952, na si zaidi ya miaka 5000 kama ilivyozoeleka. Mwaka 708 alipata habari kwamba watu fulani, wakiwa katika karamu mbele ya Askofu Wilfrid, walimtaja kuwa mzushi. Kwa mtawa, shutuma hiyo ilikuwa nzito kuliko zote. Alijibu kwa barua kali, akieleza msingi wa hesabu yake na kuomba isomwe mbele ya askofu huyo. Pia aliwaonya wale waliotaka kupiga hesabu ili wajue mwisho wa dunia utafika lini. Kwake yeye, kalenda ilikuwa kwa ajili ya kusherehekea, si kwa ajili ya kutabiri.

Abate aondoka

Mwezi Juni mwaka 716 Abate Ceolfrith, mzee wa miaka 74, aliwatangazia watawa wake zaidi ya 600 kwamba anakwenda kufia Roma. Alichukua zawadi kwa ajili ya Papa: Biblia nzima katika kitabu kimoja, iliyonakiliwa katika monasteri hizo kwa ngozi za ndama zaidi ya 500, yenye uzito wa kilo 34 hivi. Ceolfrith hakufika. Alifariki Septemba mwaka huo huo katika mji wa Langres, nchini Ufaransa.

Beda, aliyekuwa akifafanua kitabu cha Samweli, aliandika kwamba kuondoka kwa ghafla kwa baba yake huyo kulimvuruga moyo hata akaisimamisha kazi kwa muda. Ni mara chache sana anapojitaja namna hiyo.

Biblia yenyewe ilibaki Italia. Jina la Ceolfrith lilifutwa na jina jingine likaandikwa juu yake, na kwa karne nyingi ilidhaniwa kuwa ni kazi ya Waitalia, hadi wataalamu wa karne ya 19 walipogundua ilikotoka. Leo imehifadhiwa Florence. Mwaka 2018 ilirudi Uingereza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 1302, ikaonyeshwa kwa muda mjini London.

Wasiojua Kilatini

Mwaka 731 Beda alikamilisha historia ya Kanisa la Waingereza, kitabu kilichompa sifa ya kudumu. Lakini miaka mitatu baadaye, akiwa tayari mgonjwa, aliandika barua inayoonyesha hofu yake.

Ilikuwa tarehe 5 Novemba mwaka 734, kwa Askofu Ecgberht wa York, aliyekuwa mwanafunzi wake. Alimweleza kuhusu vijiji vya milimani na porini ambako askofu hajaonekana kwa miaka, ilhali kodi ya askofu hukusanywa bila kukosa. Alilalamika juu ya watu wenye vyeo waliojipatia ardhi kwa jina la monasteri, wakaishi humo na wake zao na watumishi wao bila sala wala kanuni. Akashauri kwamba wote wasiojua Kilatini, wakiwamo mapadre, wafundishwe Kanuni ya Imani na sala ya Baba Yetu kwa lugha yao wenyewe. Alisema amekwisha kuzitafsiri mara nyingi kwa ajili ya mapadre wa aina hiyo.

Mkesha wa Kupaa Bwana

Habari za kifo chake zimeachwa na mwanafunzi wake Cuthbert. Majuma mawili hivi kabla ya Pasaka ya mwaka 735, Beda alianza kupata taabu ya kupumua. Pasaka ikapita, naye akaendelea kufundisha kila siku na kuimba zaburi usiku. Alikuwa na kazi mbili mkononi, na moja ilikuwa kuitafsiri Injili ya Yohane kwa Kiingereza cha wakati huo.

Sikukuu ya Kupaa Bwana ilipokaribia, walikuwa wakiimba antifona inayomwomba Kristo asiwaache wafuasi wake yatima. Beda alipofika kwenye neno hilo alilia kwa sauti, na wanafunzi wakalia naye. Walisoma na kulia, anasema Cuthbert, wakati mwingine vyote kwa pamoja.

Jumatano, tarehe 25 Mei, wengi walikwenda katika maandamano ya siku hiyo. Kijana mmoja, Wilberht, alibaki naye akiandika anayoyasoma. Alasiri Beda aliomba aletewe kisanduku chake, akawagawia mapadre wa nyumba hiyo alivyokuwa navyo: pilipili manga, vitambaa na ubani. Ndiyo mali yote ya msomi mkubwa kuliko wote wa Ulaya ya wakati ule. Pilipili hiyo ilikuwa imetoka India, na ubani kwa kawaida hutoka kusini mwa Arabia na Pembe ya Afrika. Bidhaa za Bahari ya Hindi zilikuwa zimefika hadi kitandani pa mtu ambaye hakuwahi kutoka kwao.

Jioni kijana alimkumbusha kwamba imebaki sentensi moja. Akaisema, ikaandikwa. Kisha akaomba akalishwe sakafuni mwa chumba chake, akielekea mahali alipozoea kusali, na huko akafa akiimba sifa za Utatu. Jua lilikuwa limetua. Kwa desturi ya Kanisa sikukuu huanza jioni ya kuamkia siku yake, kwa hiyo siku ya Kupaa Bwana ilikuwa imekwisha kuingia.

Baada yake

Maombi ya nakala za vitabu vyake yalitoka hadi kwa wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Ujerumani. Mwaka 764 Cuthbert, ambaye sasa alikuwa abate, aliandika kuomba radhi kwa kuchelewa: baridi ya mwaka huo ilikuwa kali, na mikono ya waandishi ilikufa ganzi. Katika karne ya 11 mifupa ya Beda ilihamishiwa Durham, ambako kaburi lake lipo hadi leo. Mwaka 1899 Papa Leo wa XIII alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Tafsiri yake ya Yohane imepotea.

Homilia zake hazikupotea. Katika kipindi cha masomo kinachosaliwa na watawa na mapadre Wakatoliki popote duniani, kuanzia Ulaya hadi Peramiho na Ndanda nchini Tanzania, Beda husomwa katika sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti, tarehe 31 Mei, katika kumbukumbu ya kifodini cha Yohane Mbatizaji, tarehe 29 Agosti, na katika sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, tarehe 21 Septemba.

Ni katika sikukuu hiyo ya Mathayo, mwaka 1953, kijana mmoja wa Buenos Aires aliingia kuungama na kutoka akiwa na hakika kwamba anaitwa kuwa padre. Jina lake lilikuwa Jorge Mario Bergoglio. Alipofanywa askofu mwaka 1992 alichagua maneno ya nembo yake kutoka katika homilia ya Beda ya siku hiyo, pale anapoeleza kwamba Yesu hakumwona mtoza ushuru kwa macho ya mwili tu, bali alimwona kwa huruma na kwa huruma hiyo akamteua. Aliyabakiza maneno hayo alipokuwa Papa Fransisko mwaka 2013, hata alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, siku moja baada ya Pasaka.

Mwaka huo Wakristo wa Magharibi na Waorthodoksi, ambao hesabu zao mara nyingi hutofautiana, walisherehekea Pasaka siku moja, tarehe 20 Aprili. Mzozo ambao Beda alidhani umekwisha ungali haujaisha. Lakini katika nyumba za watawa, alfajiri ya kila sikukuu, bado kuna anayesimama na kusoma, na mwenzake akaitikia.